Sotoka na Ndama Wasiochanjwa

Wafugaji wengi huuliza: ikiwa ugonjwa hauonekani tena, ya nini kumkamata ndama na kumchanja? Jibu twalipata katika habari za sotoka.

Sotoka ni ugonjwa wa virusi. Ng'ombe aliyeshikwa nao hupata homa kali, machozi na kamasi humtoka, kinywa chake hufanya vidonda, kisha huhara hata akafa. Katika miaka ya 1890 uliua ng'ombe wengi mno wa Afrika ya Mashariki, na njaa kuu ikafuata, hasa katika nchi ya Wamasai.

Baadaye, huko Muguga katika Kenya, Bwana Walter Plowright na wenzake walifanya chanjo ambayo kwa sindano moja humkinga ng'ombe maisha yake yote. Toka mwaka 1962 hata 1976 nchi nyingi za Afrika zilishirikiana kuchanja mifugo. Sotoka ikawa karibu kwisha, ikasalia katika pembe chache tu, mfano wa kaa la moto chini ya majivu.

Hapo watu wakastarehe, na ndama wengi hawakuchanjwa tena. Yapasa tufahamu kwamba ng'ombe hamrithishi ndama wake kinga ya kudumu. Maziwa ya kwanza ya mama humlinda miezi michache tu. Basi kila mwaka wenye kinga walichinjwa au walikufa kwa uzee, na mahali pao wakazaliwa wasio na kinga. Kwa macho, kundi lilikuwa lile lile; bali kwa sotoka lilikuwa kuni kavu.

Miaka ya 1980 ilipoanza, moto uliwaka tena. Nigeria ilipoteza ng'ombe mamia ya maelfu, na Tanzania nayo ikapatwa mwaka 1982. Mwaka 1986 kazi ilianzwa upya katika Afrika, na safari hii waganga wa mifugo walilitafuta kaa la mwisho hata porini. Lilionekana mwaka 2001 kwa nyati wa Meru, Kenya. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani.

Leo sotoka hiyo haichanjwi tena, maana kaa limezimika kabisa. Lakini ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, yungali hai, na chanjo yake ipo. Mfugaji asitazame tu kama zizi lake ni zima; na ahesabu wana-mbuzi waliozaliwa tangu sindano ya mwisho.