Kinga ya Mtoto wa Shule: Maneno kwa Wazazi wa Handeni na Korogwe

Leo twataka kusema nanyi habari ya mtoto ambaye husahauliwa mara nyingi katika mazungumzo ya afya, naye ni mtoto wa shule. Mtoto mchanga hasahauliwi. Mama humbeba hadi kliniki, hupimwa uzito, huchanjwa, na kadi yake hutunzwa sandukuni. Lakini akishapita miaka mitano, sisi wazee husema, "Huyu sasa amekomaa." Ndipo anapoanza kuamka alfajiri, kwenda mwendo mrefu bila kutia kitu kinywani, kukaa darasani na wenziwe wenye mafua na kikohozi, na usiku kulala popote palipobaki, kwa maana chandarua amekwisha kupewa mama na mdogo wake.

Yatupasa kueleza kwanza kinga ni kitu gani. Katika damu ya kila mtu zimo chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kuvitambua vijidudu vya maradhi na kuviangamiza. Baadhi ya chembe hizo zina kumbukumbu: zikishapigana na adui mara moja, humjua ajapo tena. Chanjo huzifundisha kumjua adui huyo bila mtoto kuugua. Surua ina hila zaidi ya maradhi mengine, kwa kuwa wataalamu walionyesha mwaka 2019 ya kwamba yaweza kuifuta sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo, hata mtoto aliyepona akarudi kuwa kama mgeni mbele ya maradhi aliyokwisha kuyashinda. Basi mzazi na aifungue tena ile kadi ya zamani, atazame kama sindano mbili za surua, ya miezi 9 na ya miezi 18, zimeandikwa. Kama haikuandikwa hata moja, aende nayo zahanati akaulize.

Kinga ya malaria ina tabia yake mbali. Hujengwa polepole, kwa kuambukizwa mara nyingi, wala haiwi kamili. Katika wilaya ya Korogwe wataalamu walipima watoto na vijana wa vijiji viwili, Mkokola kilicho bondeni na Kwamasimba kilicho mahali pa juu. Mwaka 2003, kule Mkokola, karibu 78 katika kila 100 walionekana na vijidudu vya malaria. Mwaka 2008 walikuwa kama 13 tu. Kule Kwamasimba walishuka kutoka kama 25 hadi 3. Hiyo ni neema kubwa. Lakini fikirini jambo lifuatalo: mtoto wa zamani aliyebahatika kuokoka alifika umri wa shule mwili wake umekwisha kuizoea homa hiyo, mtoto wa mahali palipopungua malaria aweza kufika darasa la tatu bado hajaizoea, na ikimpata humwangusha. Hakuna mzazi atakayetamani mbu warudi ili wanawe wapate mafunzo! Ila sharti tujue ya kuwa chandarua si mali ya mtoto mchanga peke yake. Mkubwa naye alale ndani yake, na tundu likitokea lishonwe siku ile ile.

Tena wapo watoto wenye vijidudu vya malaria wasio na homa. Damu yao hupungua kidogo kidogo, husinzia darasani, na mwalimu husema ni wavivu. Minyoo hufanya vivyo hivyo, hasa safura, ambayo huingia kwa ngozi ya mguu usio na kiatu. Kwa hiyo siku ya dawa ya minyoo shuleni mtoto asifichwe nyumbani. Twasikia baadhi ya wazazi huogopa dawa hiyo. Twawaomba wamwulize mwalimu au mganga wa zahanati kuliko kusikiliza uvumi wa kisimani.

Sasa tuje kwenye chungu. Kinga hujengwa kwa chakula, na katika nyumba nyingi za Tanga chakula kikuu ni ugali wa mahindi, au wa muhogo, ule uitwao bada. Bada hushibisha sana, lakini mwili haupati humo vya kutosha vya kujengea chembe za kinga. Haina budi kufuatana na kunde, maharage, dagaa au yai. Dagaa walio wachache, wakitwangwa na kutiwa katika mchuzi, hufaa kuliko kumwekea baba kipande cha nyama na watoto wakabaki na mchuzi mtupu. Mchicha, kisamvu na matembele vina madini ya chuma yaongezayo damu. Limau au chungwa baada ya kula huusaidia mwili kuyapokea, na chai ya majani inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Basi chai na ingoje kitambo. Maembe na mapapai yaliyoiva, na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa, huleta vitamini A, ambayo hulinda macho na ngozi laini ya koo na ya matumbo, palipo mlango wa vijidudu vingi. Na asubuhi, hata bakuli moja la uji wenye karanga zilizosagwa ni bora kuliko ahadi ya chakula cha jioni.

Kwa ndugu zetu wa Handeni twajua neno hili la maji ni zito. Nchi ni kavu, na ijapokuwa maji ya mto Pangani husukumwa kutoka upande wa Korogwe hadi kwao, wengi bado huteka malamboni wakati wa kiangazi. Maji hayo yachemshwe kabla ya kunywa. Ya kunawa si lazima yawe mengi: kibuyu kilichotobolewa na kutundikwa mlangoni pa choo, pamoja na kipande cha sabuni, chatosha watoto wa nyumba nzima. Sabuni ikikosekana, jivu hufaa.

Watu wengi hutuuliza habari ya tangawizi, asali na limau. Vyote ni vizuri, hutuliza koo, nasi wenyewe twavitumia. Lakini chupa ziuzwazo sokoni kwa jina la dawa ya kuongeza kinga hazifai kununuliwa kwa fedha ya mayai na maharage. Na mtoto akishikwa na homa, asingojeshwe kwa majani ya mwarobaini. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akatolewe tone la damu kidoleni. Jibu hupatikana kabla ya nusu saa kwisha.