Usalama wa Watumishi Safarini: Je, Kanisa Linanunua Nini?

Makala hii inahusu jambo ambalo halijapewa nafasi kubwa katika mafundisho ya uongozi wa Kanisa, nalo ni namna taasisi inavyotafuta na kununua huduma za kutathmini hatari za safari na kuwalinda watumishi wake wawapo njiani. Huenda msomaji akauliza jambo hili laingiaje katika jarida la theolojia. Jibu letu ni kwamba kumtuma mtu ni kuamua juu ya mwili wake pamoja na huduma yake, na wengi wa wasomaji wetu, kama hawajawa watumaji, watakuwa watumaji siku si nyingi.

Mfano wetu tunauchukua Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki nchi inashuka kwa ghafla hadi Bonde la Rukwa, ambako ziwa liko kiasi cha mita 800 tu. Upande wa magharibi inashuka hadi Ziwa Tanganyika. Mtumishi anayetoka mjini kwenda Muze au Ilemba anateremka karibu mita 1,000 katika safari moja, kutoka kwenye baridi mpaka kwenye joto na mbu. Wakati wa masika njia za mteremkoni huwa na utelezi na mito ya bondeni hufurika. Aendaye Kasanga au Kipili atafika ziwani, na meli ikikosekana hupanda boti ya mbao. Barabara ya lami kutoka Tunduma imepunguza saa za safari kwa kiasi kikubwa, ila imeongeza mwendo wa magari. Akiumia vibaya, hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, zaidi ya kilometa 300 kutoka Sumbawanga.

Tukiyatazama haya, twaona kwamba hatari za Ufipa kwa sehemu kubwa ni pikipiki, maji, malaria na umbali wa tabibu. Bunduki haimo katika mstari wa kwanza. Hata hivyo, neno "usalama" likitajwa katika kikao, mara nyingi wajumbe hufikiri habari za walinzi. Hapo ndipo fedha inapoanza kupotea.

Kwa kweli zipo huduma tatu zilizo tofauti. Ya kwanza ni tathmini yenyewe: nani anakwenda wapi, kwa chombo gani, majira gani, na ni nini kinachoweza kumpata. Ya pili ni msaada wa njiani, yaani taarifa, ufuatiliaji wa msafiri, bima na kumwondoa mgonjwa. Kwa mfano, Madaktari Wanaoruka wa AMREF, ambao kazi yao ilianza mwaka 1957, hutoa uanachama wa mwaka kwa ajili ya kusafirisha wagonjwa kwa ndege. Ya tatu ni ulinzi wa watu na mali. Taasisi ikinunua ya tatu bila ya kwanza, imenunua dawa kabla ya kupimwa. Aidha, si vema kampuni ile ile ifanye tathmini na papo hapo iuze walinzi, kwa maana haitakosa kuona haja ya walinzi. Katika Matendo 27 akida alimsadiki nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Wote wawili walikuwa wajuzi wa bahari, lakini tusisahau kwamba mmoja wao alikuwa na chombo, na yamkini shehena pia.

Kwamba wajibu huu si maneno matupu, ilidhihirika katika kesi iliyotokana na tukio la hapa kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 29 Juni 2012, msafara wa Baraza la Wakimbizi la Norwei ulishambuliwa katika kambi za Dadaab, Kenya. Dereva aliuawa, na wafanyakazi wanne wakatekwa na kupelekwa Somalia, wakaokolewa baada ya siku nne. Mmoja wao, Steve Dennis, raia wa Kanada, alimshtaki mwajiri wake, na mwezi Novemba 2015 Mahakama ya Wilaya ya Oslo ilimpa ushindi. Mahakama iliona kwamba hatari ya kutekwa ilijulikana mapema, kwamba hatua za kuipunguza zilikuwapo, na kwamba mwajiri alikuwa na hatia ya uzembe mkubwa. Fidia ilikuwa kiasi cha kroni milioni 4.4. Baada ya hukumu hiyo mashirika mengi yalianza kuangalia upya mikataba yao. Na mwaka 2021 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa ISO 31030 juu ya hatari za safari kwa taasisi.

Wapo ndugu wanaosema kuwa kununua ulinzi ni upungufu wa imani, nao humtaja Ezra, aliyeona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi (Ezra 8:22). Lakini Nehemia alisafiri njia iyo hiyo pamoja na maakida na wapanda farasi (Neh. 2:9), wala Maandiko hayamlaumu. Tena Ezra huyo huyo aliyekataa askari aliipima fedha na dhahabu, akaikabidhi kwa watu maalum, na uzani wote ukaandikwa. Luther naye, alipomwandikia Johann Hess wa Breslau mwaka 1527 kuhusu tauni, aliwakemea wanaodharau dawa na tahadhari, akisema kuwa huko ni kumjaribu Mungu. Na bado alifundisha kuwa mchungaji asiliache kundi lake wakati wa hatari. Yote mawili yasemwe pamoja. Tathmini ya hatari haikusudiwi kumpa mtu kisingizio cha kutokwenda Bondeni.

Swali lililo gumu kuliko yote, kwa maoni yetu, ni hili: huduma inanunuliwa kwa ajili ya nani? Mgeni kutoka shirika rafiki la Ulaya huja na bima yake na namba ya simu ya kupiga usiku. Mwinjilisti anayempeleka mtaani kwa pikipiki ya kukodi huenda hana hata kofia ngumu. Njia yao ni moja na mvua yao ni moja. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri achangie Mfuko wa Fidia, lakini mtu apokeaye posho tu, ambaye jina lake halimo katika orodha ya mishahara, atapata taabu kuthibitisha dai lake. Hali ya mwanafunzi wa theolojia aliyepelekwa mazoezini haina tofauti kubwa.

Kwa hiyo hadidu za rejea zitakazopewa wazabuni zianze na orodha ya wanaosafiri: wachungaji, wainjilisti, madereva, wanafunzi, na watu wa kujitolea. Mzabuni aulizwe ni lini mara ya mwisho mtu wake alishuka Muze wakati wa masika, maana taarifa iliyoandikwa Dar es Salaam kwa kutazama ramani haitoshi. Aulizwe nani atapokea simu saa nane za usiku, na kwa lugha gani; na msafiri akiwa mahali pasipo na mtandao, ni baada ya saa ngapi za ukimya ndipo atafutwe. Vifungu vya bima vinavyotaja yasiyolipwa visomwe kabla ya bei, hasa kuhusu pikipiki na boti, kwa kuwa hivyo ndivyo vyombo vyetu. Bei ikizidi uwezo wa dayosisi, huduma ipunguzwe kwa wote kwa kadiri moja, na wa kwanza kupewa kofia ngumu awe yule aendaye mbali zaidi.