Fainali ichezwe wapi? Mpemba nako kuna hesabu

MPEMBA. Agosti 2, 2020 fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania ilichezwa Sumbawanga, katika Uwanja wa Nelson Mandela, na Simba ikaifunga Namungo 2-1. Kwa mfanyabiashara wa Mpemba matokeo yalikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa njia. Anayetoka Mbeya kwenda Sumbawanga kwa basi hupita hapa, akafika Tunduma, ndipo akakata kuelekea Rukwa.

Mpemba huishi kwa wapitaji: malori ya Zambia na Kongo, abiria wa mabasi, na magari yanayokata njia panda kwenda Isongole wilayani Ileje. Muuza chipsi, mwenye gesti na mwenye duka la soda wote hununua mali kwa kukisia watapita watu wangapi. Utaratibu wa kupanga fainali na mechi za mtoano, unaodhaniwa kuwa ni mambo ya wapenzi wa mpira tu, humgusa mfukoni.

Katika kuchagua timu, Tanzania haina tatizo kubwa. Jedwali ndilo mizani. Mwisho wa msimu wa 2024/25, timu za nafasi ya 13 na 14 za Ligi Kuu, Tanzania Prisons ya Mbeya na Fountain Gate, zilikutana nyumbani na ugenini. Prisons ikabaki. Fountain Gate ikalazimika kuikabili Stand United ya Shinyanga kutoka daraja la chini, nayo ikanusurika. Hakuna kikao kilichokaa kuamua nani anastahili.

Marekani, kwenye mpira wao wa vyuo, wanaochagua ni kamati ya watu 13. Mwaka 2023 Florida State ilishinda mechi zake zote 13 ikaachwa nje ya timu nne bora. Muuza mahindi angeiita hiyo kupimiwa gunia kwa macho. Mwaka 2024 timu ziliongezwa kuwa 12, na mechi za raundi ya kwanza zikapewa vyuo vilivyopangwa juu, vicheze kwao. Wenyeji wote wanne walishinda. Timu nne zilizopewa mapumziko katika raundi hiyo zote zilitolewa mechi iliyofuata, jambo lililowachekesha wengi. Hata hivyo, mji mwenyeji ulijua kwamba timu yake ikipanda, wageni watakuja.

Kasoro ya hapa nchini iko kwenye uwanja wa fainali. Kombe hilo limezungushwa mikoani: Dodoma mwaka 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021, Arusha tena 2022, Tanga 2023. Mzunguko huo ni mzuri, na kuufuta itakuwa hasara. Fainali ikipewa timu iliyo juu kwenye msimamo, kama wanavyotaka baadhi, mara nyingi itaishia Dar es Salaam kwa Simba na Yanga, na mikoa itabaki kusikiliza redioni.

Lakini mwaka 2024 fainali ilitangazwa kwanza kuwa Babati, mkoani Manyara, kisha ikahamishiwa New Amaan, Zanzibar. Mwenye gesti aliyepaka rangi vyumba kwa ajili ya siku hiyo hana pa kudai. Mwaka 2025 ikarudi Zanzibar.

Njia iliyo bora kwa biashara ni kugawa. Nusu fainali ichezwe kwa aliye juu kwenye jedwali, kwani amepata haki hiyo kwa jasho. Fainali ibaki ya mikoa, ila uwanja utajwe kabla ya msimu kuanza, ukiwa umeshakaguliwa nyasi, majukwaa na vyumba vya wageni. Umbali nao uangaliwe. Namungo ni ya Ruangwa, Lindi, na shabiki wake aliyekwenda Sumbawanga alikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wengi wa namna hiyo hawaji, na asiyekuja hanunui chakula njiani.

Mwenye mtaji mdogo hapa Mpemba asiagize mali kwa tangazo la kwanza. Asubiri timu mbili zijulikane, aulize wenye mabasi Mbeya kama wameanza kupata maombi ya kukodiwa, ndipo aongeze kreti. Wiki isiyo na mpira, malori yapo.