Kisima Hiki Kimelishwa na Nini?

Mtoto akituuliza maji ya kisima yametoka wapi, wengi wetu hujibu: chini. Huko Lodwar, Turkana, wataalamu wamelitafuta jibu ndani ya maji yenyewe.

Maji yote ni haidrojeni na oksijeni, lakini baadhi ya chembe zake ni nzito kidogo kuliko wenzake. Hizo huwa na isotopu nzito. Jua likiyapiga maji, mepesi hutangulia kupaa, mazito husalia. Ndiyo maana maji ya mvua, ya mto na ya ardhini hubeba alama mbalimbali. Zilipolinganishwa Lodwar, ilibainika kwamba visima vya karibu na Mto Turkwel hulishwa na mto huo. Basi anayeuchafua mto amekichafua kisima cha jirani.

Hata hivyo, kujua asili si kujua usalama. Mwaka 2013 ilitangazwa hazina kubwa ya maji huko Lotikipi, Turkana. Watu walifurahi, kisha kisima cha majaribio kikatoa maji ya chumvi. Kakuma nako, wanakoishi wakimbizi tangu 1992, baadhi ya visima vina floraidi nyingi, inayodhuru meno na mifupa ya watoto.

Mola huteremsha maji kwa kipimo, nasi tumekatazwa israfu hata katika udhu. Sisi wa pwani, ambao visima vyetu vimepakana na vyoo na bahari, tuulizane kabla ya kuteka: maji haya yanatoka wapi, na yalipimwa lini?