Mlango wa Banda la Gari Linalogeuzwa Karakana

Washarika wengi wanaoanza useremala au uchomeleaji nyumbani hugeuza banda la gari kuwa karakana. Katika makadirio wanayotuletea, fedha karibu zote huelekezwa kwenye mashine. Tunashauri mlango uamuliwe kwanza, kwani ndio unaoonyesha mashine zitakaa wapi.

Tuchukue uwazi wa mita 2.4. Milango miwili inayofunguka kwa ndani, kila mmoja mita 1.2, hula sakafu ambayo ingewekwa meza ya kazi. Ikifunguka nje, sakafu yote inabaki, mradi isizibe njia ya jirani. Ikigawanywa vipande vinne vya kukunjana vya sentimita 60, hata nafasi ya nje hupungua karibu nusu. Mlango wa kusukuma kando huhitaji ukuta mtupu wa upana uleule. Kwa seremala reli iwe juu, maana ya chini hujaa vumbi la mbao.

Shata ya kujiviringisha juu huokoa nafasi kuliko yote, ila ni lazima kupima kama juu ya lenta pana nafasi ya kutosha. Ikifungwa, ndani huwa giza na joto. Ikikwama wakati wa moto, aliye ndani hana pa kutokea, hivyo mlango mdogo wa pembeni ni wa lazima.

Kwa vikundi vya vijijini sisi tunapendelea mbao za kukunjana. Bawaba ikivunjika, fundi wa jirani huibadilisha siku hiyohiyo.