Klabu ni Watu, Si Jina

Ndugu zetu wa visiwani huenda wanalijua jina la Singida kwa kandanda kuliko kwa asali na alizeti zake. Mwezi wa Januari 2023, timu ya Singida Big Stars ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi ikafungwa na Mlandege. Mwaka huo huo, Singida Fountain Gate iliitoa JKU katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Kisha, Juni 2025, Singida Black Stars ilipambana na Yanga katika uwanja wa New Amaan, kwenye fainali ya kombe la shirikisho la nchi yetu.

Mtazamaji wa Unguja aweza kudhani ameiona klabu moja mara tatu. Sivyo. Timu mbili za kwanza zilikuwa moja iliyobadili jina. Ya tatu ni nyingine kabisa. Wala hakuna hata moja kati ya hizo iliyozaliwa Singida.

Klabu iliyozaliwa Singida ni nyingine. Ilianzishwa mwaka 1972 kwa jina la Mto, ndiyo iliyokuja kuitwa Singida United. Baada ya kukaa nje kwa miaka mingi, ilirejea Ligi Kuu mwaka 2017, na mwaka 2018 ikafika fainali ya kombe la shirikisho mjini Arusha, ambako Mtibwa Sugar iliishinda kwa mabao 3 kwa 2. Miaka miwili baadaye, mwaka 2020, ikashuka daraja. Jina la mkoa likabaki bila timu, na uwanja bila mwenyeji.

Pengo hilo lilizibwa kwa kuleta, si kwa kupanda. Mwaka 2022 timu ya DTB, iliyotoka Dar es Salaam, ilipanda Ligi Kuu ikavishwa jina la Singida. Mwaka 2024 timu hiyo ikahamia Babati, mkoani Manyara, na jina la Singida ikaliacha nyuma. Lakini pengo halikudumu, kwa kuwa Ihefu, iliyokuwa timu ya Mbarali mkoani Mbeya, ilikwisha kuletwa Singida, nayo ikawa Singida Black Stars.

Hapa ndipo penye ibra. Ihefu ndiyo iliyoifunga Yanga huko Mbarali mwezi wa Novemba 2022, na kuukata mwendo wa michezo 49 ya ligi bila kushindwa. Wakulima wa mpunga walioshangilia siku ile leo hawana timu hiyo. Furaha ya Singida imekuwa msiba wa Mbarali, na kilichowapata wao chaweza kutupata sisi kesho.

Jambo hili si geni duniani. Katika karne ya 18, klabu ya kriketi iliyokuwa na nguvu kuliko zote Uingereza ilikuwa ya kijiji, Hambledon. Mwaka 1777 iliishinda timu ya wachezaji wa Uingereza nzima. Lakini nguvu yake ilitegemea mabwana wakubwa wenye mali, na klabu ya Marylebone ilipoundwa London mwaka 1787, mabwana hao waligeuzia nyuso zao mjini. Hambledon ikafifia. Ikiwa klabu kubwa namna ile ilianguka kwa kuondokewa na wafadhili, ni ipi itakayosalimika?

Hatusemi wafadhili wafukuzwe. Haki isemwe: Singida Black Stars ilitwaa Kombe la Kagame mwaka 2025, na heshima hiyo imeandikwa kwa jina la mkoa wetu. Mjini Singida uko uwanja unaoitwa Liti, kwa kumkumbuka Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye wazee husimulia kwamba aliwapinga Wajerumani kwa kuwatumia nyuki. Basi na tujifunze kwa nyuki: mzinga waweza kununuliwa sokoni, lakini nyuki hawafuati hati ya mauzo.

Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limekwisha kuweka kanuni kwamba klabu ya wanachama ikimkaribisha mwekezaji, wanachama wabaki na asilimia 51. Kanuni ni njema, lakini humlinda aliye mwanachama. Timu isiyo na daftari la wanachama inalindwa na nani?

Kwa hiyo viongozi wa mkoa na wa wilaya wasiridhike na kupiga picha na kombe. Timu yoyote itakayo jina la Singida na ioneshe kwanza daftari la wanachama wakazi, timu ya vijana kutoka Iramba, Manyoni, Ikungi na Mkalama, na ahadi ya maandishi juu ya kitakachobaki mwenye fedha akiondoka.

Nanyi ndugu wa visiwani, klabu zenu Malindi na Mlandege zimebeba majina ya mitaa yenu. Hiyo ni hazina. Atakapokuja mtu mwenye mkoba mzito, mkaribisheni kwa heshima, lakini msimpe jina la mtaa. Fedha ni mgeni. Mtaa ni mwenyeji.