Kuiga, Kuigiza na Kuiba: Hakimiliki ya Filamu za Ujasusi Ikitazamwa kutoka Ufukwe wa Nyasa



Mada ya mhadhara huu sikuichagua mimi. Nilipewa na vijana wanne wa Mbinga. Nilikuwa nimekwenda huko kwa kazi yangu ya kawaida ya kukusanya msamiati wa Kimatengo, kisha nikateremka hadi Mbamba Bay na Liuli kusikiliza lugha za mwambao. Vijana hao walikuwa na kamera moja, fedha kidogo zilizotokana na kahawa ya wazazi wao, na nia ya kutengeneza filamu ya ujasusi. Walikuwa wameandika miswada mitatu. Wa kwanza ulihusu tukio la Liuli la mwaka 1914. Katika wa pili, James Bond anashuka melini Mbamba Bay akimfuatia mfanyamagendo wa madini. Katika wa tatu shujaa, au “stelingi” kama walivyomwita, ni Willy Gamba. Baada ya salamu, mmoja wao aliniuliza: “Hivi Mwalimu, katika hii mitatu ni upi utakaotufikisha mahakamani?”

Niliwajibu kwamba mimi si mwanasheria. Hata hivyo, kadiri nilivyolifikiria swali lao, ndivyo nilivyoona kwamba kwa sehemu kubwa ni swali la lugha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, hailindi wazo. Hulinda umbo ambalo wazo limekwisha kupewa: maneno yaliyopangwa hivi na si vile, picha zilizofuatana hivi na si vile. Mahali wazo linapokoma na umbo linapoanza ni jambo ambalo sisi watu wa isimu na fasihi tumelijadili muda mrefu, ingawa hakuna aliyewahi kutushtaki kwa kukosea.

Kiswahili chenyewe kina la kusema hapa. Kitenzi *igiza* kimetokana na *iga* kwa kuongezwa kiambishi cha usababishi. Kwa hiyo mwigizaji, kwa asili ya neno, ni mtu wa kuiga, na wala hakuna aibu ndani yake. Vijana wa Mbinga walipoulizwa muswada wa Bond wameutoa wapi, walijibu bila kusita, “Tumeiga.” Tofauti kati ya *iga* na *iba* ni konsonanti moja tu. Lugha inaturuhusu kuiga. Sheria inauliza umeiga nini, umeiga kiasi gani, na kwa idhini ya nani.

Nianze na Liuli. Wakati wa utawala wa Wajerumani mahali hapo paliitwa Sphinxhafen, kutokana na mwamba unaofanana na lile sanamu maarufu la Misri. Mwezi Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ilikuja kutoka kusini mwa ziwa na kuishambulia kwa mzinga. Kapteni wa Kijerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Rhoades alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Basi Berndt alipiga makasia hadi kwenye ile meli, amejaa hasira, kumwuliza mwenzake kama amelewa, akajikuta mateka.

Maneno hasa aliyoyatamka Berndt hutofautiana kutoka msimulizi hadi msimulizi, na tofauti hiyo ndiyo inayotufaa. Tukio si mali ya mtu. Kijana wa Mbinga ana haki nalo sawa na mwandishi wa London. Lakini msimulizi aliyeandika kitabu akamtungia Berndt usemi wake ana haki juu ya usemi huo. Mwandishi C. S. Forester alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1935. Alichukua habari za vita vya majini vya Ziwa Tanganyika, akabadilisha meli na watu, akaandika riwaya The African Queen. Mwaka 1951 riwaya hiyo ikawa filamu. Forester hakudaiwa na mtu kwa ajili ya vita. Aliyetaka kutengeneza filamu kutokana na riwaya ndiye aliyepaswa kununua haki. Vita vilikuwa vilevile, ila katika hatua ya pili palikuwa tayari na maneno ya mtu.

Muswada wa Bond ni mgumu zaidi, na hapa ni lazima tuvuke bahari. Mwaka 1959 Ian Fleming, aliyekuwa amekwisha kutoa riwaya kadhaa za Bond tangu Casino Royale ya mwaka 1953, alikaa na Kevin McClory na mwandishi wa miswada Jack Whittingham kutunga hadithi ya filamu. Filamu haikutengenezwa. Fleming akaichukua hadithi, akaiandika kuwa riwaya iitwayo Thunderball, ikachapishwa mwaka 1961 bila ya kuwataja wenzake. Wakamshtaki. Shauri lilimalizika kwa mapatano jijini London mwaka 1963, na haki za filamu za hadithi hiyo zikaenda kwa McClory. Fleming alifariki mwaka uliofuata.

Angalieni kilichotokea. Mtu aliyembuni Bond alishindwa kuimiliki peke yake hadithi mojawapo ya Bond, kwa kuwa haikuwa yake peke yake tangu ilipopata umbo. McClory alishirikiana na kampuni kubwa kuitoa Thunderball mwaka 1965, kisha mwaka 1983 hadithi ile ile ikatengenezwa upya nje ya kampuni hiyo, kwa jina la Never Say Never Again. Hadithi ilikuwa moja na mwigizaji mkuu alikuwa yule yule, Sean Connery. Lakini muziki unaotambulisha filamu za Bond haukusikika, wala ule mwanzo wa mtu aonekanaye ndani ya mtutu wa bunduki haukuonekana, maana hivyo vilikuwa mali ya wengine. Mgogoro huo ulizikwa mwaka 2013 tu, haki za warithi wa McClory ziliponunuliwa. Miaka miwili baadaye ikatoka filamu iitwayo Spectre, jina la genge lililokuwa sehemu ya ugomvi huo.

Funzo kwa vijana wetu ni kwamba “Bond” si kitu kimoja. Kuna Bond wa vitabu na Bond wa filamu, na kila mmoja ana saa yake. Kwa sheria yetu kazi ya maandishi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Fleming alifariki Agosti 1964. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa riwaya alizoandika peke yake ulikoma hapa kwetu mwishoni mwa mwaka 2014. Filamu haihesabiwi kwa kifo cha mtu, bali kwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa au kutolewa kwa watazamaji, na nyingi za Bond bado ziko ndani ya muda huo. Kijana wa Mbinga akimchora Bond kutoka kurasa za Fleming, amesimama mahali imara. Akimpa gari lenye hila na muziki ule, amehamia katika mali ya kampuni. Tena Uingereza huhesabu miaka 70, hivyo huko riwaya zimefungwa hadi mwisho wa mwaka 2034. Majina mashuhuri pia huweza kusajiliwa kama alama za biashara, na alama za biashara zina sheria yake. Filamu inayoonyeshwa Mbamba Bay pekee ni jambo moja. Ikiwekwa kwenye intaneti inavuka mipaka yote hiyo kwa usiku mmoja.

Nimewasikia wenzetu wakidai kwamba riwaya za upelelezi za Kiswahili ni wizi mtupu kutoka kwa Waingereza. Sikubaliani nao. Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa, msomaji aliyapata harufu ya Sherlock Holmes, lakini Unguja ile na Kiswahili kile havikutoka kwa Conan Doyle. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo, 1965, alifanya vivyo hivyo kwa Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakisoma hadithi za picha za Lance Spearman, jasusi Mwafrika mwenye kofia na biri, ambaye kila mtu alijua ni binamu wa Bond. Jasusi mtanashati, adui mwenye mpango wa kutisha, mwanamke asiyeaminika: hivyo ni mifupa, na mifupa haina mwenyewe.

Willy Gamba ni jambo jingine, na ndiye aliyenitia wasiwasi. Aristablus Elvis Musiba alimzindua katika Kufa na Kupona mwaka 1974, wakati FRELIMO wakikaribia kuimaliza vita waliyoianza mwaka 1964 ng’ambo ya Mto Ruvuma. Gamba ni jasusi wa ukombozi wa Afrika. Huwezi kumng’oa katika historia hiyo ukampeleka popote. Wazee wa Ruvuma niliozungumza nao wanamkumbuka kana kwamba aliwahi kupita kijijini kwao. Vijana wale nao walidhani kwamba kwa kuwa ni wetu, ni wa wote. Kumbe ni kinyume. Musiba alifariki mwaka 2010. Kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2060. Kisheria, kijana wa Mbinga yuko huru zaidi kwa jasusi wa Malkia kuliko kwa jasusi wa Tanzania. Walicheka nilipowaambia, kisha wakanyamaza.

Njia ipo: kuwatafuta wenye haki na kupatana nao kwa maandishi. Nasisitiza maandishi, na nasisitiza pia kwamba haki ya kuchapa kitabu si haki ya kukigeuza filamu. Mimi mwenyewe niliwahi kutia saini mkataba wa kitabu kidogo cha hadithi bila ya kukisoma kifungu kilichosema “na matumizi mengine yote”. Miaka kadhaa baadaye nilisikia hadithi yangu redioni ikiigizwa, na sikuwa na la kudai. Profesa wa lugha, jamani, kushindwa na maneno manne!

Limebaki suala la mabanda ya video, ambalo kwa mtu wa isimu ndilo tamu kuliko yote. Jioni moja Mbamba Bay nililipa kiingilio nikakaa kwenye benchi pamoja na wavuvi kutazama filamu ya ujasusi ya Kimarekani. Sauti ya asili ilikuwa imeshushwa, na juu yake ilisikika sauti ya mfasiri wa Kiswahili, kwa mtindo uliopewa umaarufu nchini na Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu. Mfasiri hafasiri tu. Anaonya, anacheka, anaeleza kwa nini mke wa mtu hapaswi kuaminiwa, na ofisi ya majasusi anaiita “kwa mkuu wa kaya”. Ninavyosikia mimi, hiyo ni tungo simulizi mpya iliyopanda mgongoni mwa filamu.

Sheria haina mashaka: haki ya kutafsiri na kugeuza ni ya mwenye filamu, na asiye na idhini amevunja sheria. Sipingi. Ila kuna hasara ambayo sheria haiioni. Maneno ya mfasiri ni yake, ameyatunga yeye, na hakuna popote yanapohifadhiwa, kwa sababu yamebebwa na kanda ambayo haikupaswa kuwepo. Mtafiti wa Kiswahili cha mwanzo wa karne hii atakayetaka kujua watu walivyocheka atakuta kanda hizo zimechomwa, au zimeoza. Ningependa chuo chetu kiombe kibali cha kuhifadhi sauti hizo kwa ajili ya utafiti tu, pasipo kuziuza wala kuzionyesha hadharani. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, iliyochukua nafasi ya chama cha COSOTA mwaka 2022, ndipo mahali pa kuanzia mazungumzo hayo, kabla ya wale wachache wanaozimiliki hawajazitupa.

Vijana wa Mbinga waliuchagua muswada wa Liuli. Bond walimwacha, wakisema amechoka. Gamba wamemweka kando hadi watakapopata nauli ya kwenda kuwatafuta warithi. Niliwaeleza kwamba mazungumzo waliyoyaandika tayari yanalindwa, tangu yalipowekwa kwenye daftari, bila ya ada wala muhuri. Wakaamua makapteni wote wawili wazungumze Kiswahili, jambo ambalo mwanahistoria angelikataa na mimi nililiunga mkono. Nilipoagana nao walikuwa bado wanabishana: Berndt, akiwa ndani ya mtumbwi na mzinga umeelekezwa kwake, amwite Rhoades “rafiki yangu” au “wewe mlevi”.